Ukuta wa Chuo Kikuu Husema na Nani?

Katika kitabu cha Danieli twasoma habari za mfalme Belshaza, aliyekuwa akinywa mvinyo pamoja na wakuu wake katika vyombo vilivyoporwa Hekaluni, mara vidole vya mkono wa mtu vikaonekana vikiandika juu ya chokaa ya ukuta. Mfalme akabadilika sura, magoti yake yakagongana. Wahubiri hupenda kutuonyesha hofu ya mfalme. Mimi hunivutia zaidi jambo jingine, nalo ni kwamba katika jumba lile zima, pamoja na wenye hekima wote wa Babeli, hapakupatikana hata mmoja aliyeweza kuyasoma maandiko yale. Ikalazimu aitwe mateka, mtu wa kuja, ndiye awasomee wenye nyumba ukuta wao wenyewe.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu sisi nasi twapita kila siku mbele ya kuta zinazosema, na aghalabu hatusikii neno. Mzee atokaye shamba, aingiapo katika ua wa ofisi kubwa, hospitali au Chuo Kikuu, hukuta vibao vimepangwa kama askari wa gwaride: herufi ndogo, lugha ngeni, na mishale ielekeayo kusikojulikana. Hana budi kumwuliza bawabu, na bawabu akiwa ameamka vibaya siku hiyo, basi safari ya mzee imekwisha pale pale langoni. Kisha mwenye kibao husema kwamba kosa ni la mzee, kwani hakusoma. Kwa maoni yangu kosa ni la mwenye kibao, kwani hakusomeka.

Kazi ya kupanga herufi, rangi, picha na alama ili umma uelewe ni kazi kamili yenye mafundi wake, kama ilivyo kazi ya useremala au ya kupiga chapa. Wengi wetu huihesabu kuwa ni urembo, jambo la kufanywa fedha ikibaki. Ili tuone kwamba sivyo, ndugu msomaji, natuvuke bahari mpaka Meksiko, mahali ambapo katika muda usiozidi miaka 20 Chuo Kikuu kimoja kiliyaona yote yanayoweza kutokea juu ya ukuta: elimu, sherehe, uongo, maandamano na damu.

CHUO KILICHOVAA MASOMO YAKE NJE

Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko kilikuwa hapo zamani kimetawanyika katika majumba makuukuu ya katikati ya mji. Kati ya mwaka 1949 na 1952 kikajengewa mji wake chenyewe upande wa kusini, juu ya uwanda wa mawe meusi yaliyomwagwa na volkano. Wasanifu, wahandisi na wachoraji zaidi ya 60 walishiriki, na mwaka 2007 shirika la UNESCO liliuandika mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Jengo linalojulikana zaidi ni Maktaba Kuu. Msanifu wake, Juan O'Gorman, pamoja na wenziwe wawili, alikuwa na shida ambayo kila mjenzi wa maktaba anayo: vitabu havipendi jua. Ghala ya vitabu ilitakiwa iwe kama sanduku refu lisilo na madirisha ya maana. Mwingine angepaka chokaa tu akaenda zake. O'Gorman alizichukua kuta zote nne za sanduku lile, eneo la mita za mraba zipatazo 4,000, akazifunika kwa picha za vipande vya mawe. Ukuta wa kaskazini wasimulia Meksiko ya kabla ya kuja Wahispania. Wa kusini, miaka ya utawala wa kikoloni. Wa mashariki, ulimwengu wa sasa. Na wa magharibi, Chuo chenyewe. Mawe hayo hayakupakwa rangi. Yalitafutwa katika sehemu mbalimbali za nchi, kila jiwe na rangi yake ya asili, ili jua lisiyafifishe. Mafundi waliyapanga katika vibamba vya saruji vya mita moja ya mraba, kisha vibamba vikapandishwa na kushikizwa ukutani.

Nayakazia maneno hayo juu ya mawe kwa sababu ndipo ulipo ufundi. Rangi ya dukani ingefifia katika miaka michache, na Chuo kingelazimika kuomba fedha kila mara ili kuipaka upya, na sote twajua maombi ya namna hiyo huishia wapi. Jiwe halihitaji bajeti.

Karibu na hapo, juu ya jengo la Mkuu wa Chuo, David Alfaro Siqueiros alifanya kati ya 1952 na 1956 mchoro wa kutokeza nje ya ukuta, wenye wanafunzi wanaonyoosha mikono yao mbele. Mchoro huo ameupa jina lisemalo kwamba watu waende Chuo Kikuu, na Chuo Kikuu kiende kwa watu. Na upande wa pili wa barabara kuu, juu ya uso wa uwanja wa michezo, Diego Rivera alichonga na kupamba kwa mawe ya rangi jamaa moja ya Kimeksiko, baba na mama wakimkabidhi mtoto wao njiwa wa amani. Rivera alikusudia kuuzungushia uwanja wote picha. Alifariki mwaka 1957, na kazi imebaki hivyo hivyo, haijakamilika. Mshike sana njiwa huyo, kwani atarudi.

Hapa yafaa nitoe neno la tahadhari. Ukuta waweza kusema karibu huku mlango umefungwa. Mchukuzi wa sokoni aliyepita mbele ya Maktaba ile katika miaka ya 1950 aliweza kuiona historia ya wazee wake kwa ukubwa wa ghorofa 10, lakini watoto wa wachukuzi waliofika kusoma vitabu vilivyokuwa nyuma ya mawe yale hawakuwa wengi. Picha nzuri haitoi nafasi ya masomo. Hata hivyo, nashikilia kwamba picha ile ni ahadi iliyoandikwa mahali ambapo kila mtu aweza kuiona, na ahadi ya namna hiyo humpa mwananchi haki ya kudai.

MISTARI YA MWAKA 1968

Serikali ya Meksiko ilipopewa heshima ya kuandaa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, uwanja wa Chuo Kikuu ndio uliochaguliwa kuwa uwanja mkuu. Mwenyekiti wa maandalizi, msanifu Pedro Ramírez Vázquez, alijua kwamba nchi yake haina fedha za kushindana na matajiri kwa majengo. Akaamua kushindana kwa alama. Alimwita kijana wa Kimarekani wa miaka 29, Lance Wyman, aliyefika mwishoni mwa 1966, akamweka pamoja na Mmeksiko Eduardo Terrazas na wengine wengi, nao Beatrice Trueblood akasimamia machapisho.

Kutoka katika hesabu ya 68 na zile pete tano za Olimpiki walitunga maandishi ya mistari inayotoka na kutawanyika kama viduara vya maji yaliyotupiwa jiwe. Mistari hiyo ina asili mbili: sanaa ya Wahuicholi, wenyeji wa milima ya magharibi ambao hupamba kwa nyuzi na shanga, na mtindo wa wachoraji wa kisasa wa kulichezea jicho la mtazamaji. Ikawekwa juu ya tikiti, stempu, magauni ya wasichana wa mapokezi, na hata juu ya ardhi iliyouzunguka uwanja wa Chuo. Njia za kwendea viwanja zilipewa kila moja rangi yake. Na kwa kuwa mataifa 112 yangefika na ndimi zao, kila mchezo ulichorewa alama isiyo na neno hata moja: glovu kwa ndondi, guu kwa mbio.

Ni kazi safi. Sijaona nyingine ya Olimpiki inayoishinda. Lakini pamoja na alama hizo ilitolewa kaulimbiu isemayo kwamba yote yawezekana katika amani, na pamoja na kaulimbiu njiwa mweupe, akabandikwa katika madirisha ya maduka mji mzima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tangu Julai wa mwaka ule wanafunzi walikuwa wamegombana na polisi. Ugomvi ulianza kwa vijana wa shule kupigana wao kwa wao na polisi kuwaingilia kwa virungu. Usiku wa kuamkia tarehe 30 askari wa jeshi wakalivunja kwa kombora lango la kale la shule moja ya Chuo Kikuu. Mkuu wa Chuo, Javier Barros Sierra, alishusha bendera nusu mlingoti, na tarehe 1 Agosti akatangulia mwenyewe mbele ya maandamano. (Wakuu wa vyuo wa namna hiyo ni haba, popote duniani.) Wanafunzi wakaunda Baraza la mgomo, wakadai wafungwa wa siasa wafunguliwe na kikosi cha polisi wa kutuliza ghasia kivunjwe.

Magazeti mengi hayakutaka kuandika upande wao. Wafanye nini? Walirudi kwenye ukuta. Katika chuo cha sanaa cha San Carlos, kilicho chini ya Chuo Kikuu, na katika vyuo vingine, wanafunzi na baadhi ya walimu walichonga picha usiku na kuzibandika alfajiri. Walichonga juu ya linoliamu, lile zulia gumu la kutandika sakafuni, kwa maana lapatikana kwa bei ndogo na lachongeka kwa kisu; walitumia pia mashine za stenseli za kurudufia karatasi za mitihani. Vikosi vyao viliingia masokoni na katika mabasi, na mabasi yenyewe yakaandikwa ubavuni, hivi kwamba tangazo likatembea mji mzima bila ya kulipiwa nauli.

Ufundi huo hawakuubuni wao. Tangu 1937 palikuwapo katika mji ule karakana ya wachoraji iliyochapa mabango kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi na wakulima. Mmoja wa watu wake, Adolfo Mexiac, alikuwa amechonga mwaka 1954 uso wa mtu aliyefungwa mnyororo na kufuli mdomoni, kwa ajili ya kupinga kupinduliwa kwa serikali ya Guatemala. Miaka 14 baadaye wanafunzi walikitoa kichwa kile, wakakichapa tena, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana.

Lakini lililo kubwa ni vile walivyoitumia kazi ya serikali yenyewe. Mistari ile ya Wyman ilikuwa imekwisha kuzoewa na kila jicho. Wanafunzi waliichukua, wakaizungushia vifaru na askari wenye virungu. Pete za Olimpiki zikawa magurudumu na mabomu. Njiwa wa amani akachorwa amechomwa kwa singe, na wale njiwa weupe wa madirishani wakapakwa rangi nyekundu kifuani. Serikali ilikuwa imetumia fedha nyingi kuufundisha umma lugha moja ya alama. Wanafunzi wakaja wakasema kwa lugha hiyo hiyo, kwa gharama ya wino na karatasi.

Tarehe 18 Septemba majeshi yaliingia katika mji wa Chuo Kikuu, yakakaa humo mpaka tarehe 30. Jioni ya tarehe 2 Oktoba, siku kumi kabla ya Michezo kufunguliwa, watu waliokusanyika katika uwanja wa Tlatelolco walipigwa risasi na askari wa serikali. Serikali ilitaja waliokufa kuwa makumi machache. Wengine wametaja mamia. Hesabu haijakubaliwa mpaka leo. Na tarehe 12 Rais Gustavo Díaz Ordaz alisimama katika uwanja wa Chuo Kikuu, jengo lile lile lenye mtoto na njiwa wa Rivera usoni pake, akaifungua Michezo ya amani.

Wako wasemao kwamba mchoraji hana hatia, yeye huchora alichoagizwa. Nakubali nusu. Wyman hakupiga risasi, na alama zake za michezo zilisema kweli: penye glovu palikuwa na ndondi. Ila njiwa alisema lisilokuwapo. Mtu aandikaye juu ya mlango kwamba humo mna maji, kisha msipatikane maji, hata herufi zake zikiwa nzuri namna gani, amemdanganya mwenye kiu.

Wasomaji wetu wa Afrika ya Mashariki wanao uhusiano wao na uwanja ule. Humo Naftali Temu wa Kenya alishinda mbio za mita 10,000, na Kipchoge Keino zile za mita 1,500. Humo tarehe 20 Oktoba, giza likiingia, John Stephen Akhwari wa Tanzania alimaliza marathoni akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, kufika. Alikuwa wa mwisho, wa 57, na nyuma yake wako waliokata tamaa njiani. Hakuna chapa iliyobuniwa kwa fedha za serikali inayokumbukwa kwetu kutoka Michezo ile kama inavyokumbukwa bendeji ya Akhwari.

PANZI, BATA NA MZINGA

Ningeishia hapo, msomaji angeweza kudhani kwamba kazi yote ya alama ni hila za wakubwa. Basi tuangalie lililofuata, ambalo mimi nalipenda kuliko yote.

Tarehe 4 Septemba 1969 mji wa Meksiko ulifungua njia ya kwanza ya treni za chini ya ardhi. Abiria wake hawakuwa wageni wa Olimpiki. Walikuwa waashi, wachuuzi, watumishi wa majumbani, na wengi wao hawakujua kusoma, au walisoma kwa shida. Wyman, pamoja na wachoraji wawili wa Kimeksiko, Arturo Quiñónez na Francisco Gallardo, alipewa kazi ya kuvitia alama vituo. Wakaamua kila kituo kiwe na picha yake, na picha hiyo itoke katika jina, katika historia au katika kazi ya mahali penyewe.

Kituo cha Chapultepec kilipewa panzi, kwa kuwa jina hilo katika lugha ya Kinahuatl ni kilima cha panzi. Kituo cha Candelaria kilipewa bata. Kituo cha Merced, penye soko kubwa, kilipewa sanduku la matufaha. Huko Pino Suárez wachimbaji walikuwa wamekuta chini ya ardhi hekalu dogo la Waazteki. Hawakulibomoa, wakaliacha ndani ya kituo, na picha yake ndiyo ikawa alama. Kituo cha Balderas kilipata mzinga. Kila njia ikawa na rangi yake, ya kwanza ikiwa ya waridi.

Tazameni hekima iliyomo. Anayejua kusoma hapotezi kitu, kwani jina limeandikwa chini ya picha. Asiyejua haombi msaada wa mtu. Na mtoto ajifunzaye kusoma hupata kitabu cha bure kila asubuhi. Jambo hili si geni kwetu: katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965 wagombea walipewa alama za jembe na nyumba, na bibi ambaye hajawahi kushika kalamu aliweza kuitia kura yake pale alipotaka. Kwa hiyo nashangaa kuona kwamba kilichotufaa siku ya kuchagua wabunge hakikuonekana kutufaa katika kumwonyesha bibi yule yule mlango wa kliniki.

Husemwa kwamba mambo hayo yanataka wataalamu na fedha nyingi. Wataalamu, naam, wako, na wengine wanachora mabango ya soda kwa sababu hakuna ofisi ya umma iliyowaita. Ama fedha, kibao kisichoeleweka nacho kililipiwa. Kinachokosekana ni mtu mmoja katika kila Chuo, kila hospitali, kila stesheni, ambaye kazi yake iwe kusimama langoni siku nzima na kuhesabu watu wangapi wameuliza njia, kisha kwenda kwa mchoraji na hesabu hiyo mkononi. Waliouliza wakiwa wengi, kibao king'olewe, hata kama aliyekizindua ni mkubwa na jina lake limo juu yake.

Kazi za mwaka 1968 hazikutupwa. Tangu 2007 Chuo Kikuu cha Taifa kina jumba la kumbukumbu kando ya uwanja ule ule wa Tlatelolco, ambamo habari za mgomo na mabango yake zimehifadhiwa. Mwaka 2014 jumba la sanaa lililo katika mji wa Chuo lilionyesha kazi za Wyman. Chuo kile kile kimewapa nafasi mwenye njiwa na waliompaka njiwa damu, nami naona kimefanya vema kutochagua.

Na treni ikaendelea kuchimbiwa njia. Tarehe 30 Agosti 1983 njia ya tatu ilifika kusini mpaka kando ya mji wa Chuo Kikuu, ikaishia hapo, na kituo cha mwisho kikapewa alama ya ngao ya Chuo, yenye tai na kondori. Mchukuzi wa soko la Merced, aliyetaka kumpeleka binti yake masomoni, hakuhitaji tena kumwuliza bawabu wala konda. Alipanda penye sanduku la matufaha, akabadili treni penye mzinga, akateremka penye ngao.